Miezi Kumi na Mitano Kichwani mwa Ludek

Jumatatu, 5 Julai

...lakini Ludek anashikilia kwamba mtu mwenye furaha hana cha kuandika, na mimi namwambia huyo ndiye hasa mwenye nacho, na tumebishana hivyo mezani tangu chai ya asubuhi mpaka jemu ikamwagikia ukurasa huu wa kwanza. Ushahidi huo hapo juu. Doa ni la jemu ya stroberi na aliyelimwaga ni mume wangu. Mume wangu! Nalirudia neno ili nilione lilivyokaa kwenye karatasi.

Leo siku ya ishirini na tatu tangu tuoane. Tunakaa chumba cha juu nyumbani kwa mama yake, na dirisha letu linatazama mashamba ya tumbaku yaliyofunikwa vitambaa vyeupe mpaka mtoni. Kila nikiamka naona kama dunia yote bado imevaa shela langu. Ludek ananicheka. Anasema chini ya shela hilo kuna joto la kumwangusha ng'ombe.

Ile hali yake ilimjia jana baada ya misa, mara moja tu, tena fupi. Kifafa hiki nilikijua kabla sijavaa pete. Alinieleza mwenyewe siku ya nne ya kujuana kwetu, akiikunjakunja kofia mikononi kama mtu aliyeiba. Nilimwambia nampenda mzima mzima, na kichwa kimo.

Jumatano, 7 Julai

Joto. Ameniletea ua la kiazi ndani ya mfuko wa shati. La kiazi! Nimelikausha humu.

Jumatatu, 12 Julai

Mavuno yameanza. Wanaume wanachuma majani ya chini kwanza, vikapu vinakuja bandani, na sisi wanawake tunakaa kwenye benchi ndefu tukiyatunga kwa sindano kwenye uzi, kila uzi umefungwa kwenye ufito. Mimi binti wa fundi viatu wa mjini, nimemaliza sekondari, najua kupiga taipu, lakini sindano hii imenishinda. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku na pete imenata kabisa, haitoki hata kwa sabuni. Sijali, sina mpango wa kuivua.

Wifi Celina ndiye mwalimu wangu, na ulimi wake una makali kuliko sindano.

"Bibi harusi, hayo si maua ya kanisani. Tunga, usiyabembeleze."

"Natunga, wifi."

"Unatunga huku macho yako kwenye makalio ya kaka yangu."

Benchi zima likaangua kicheko. Nikasema nilikuwa natazama mgongo, na hapo ndipo walipocheka zaidi.

Wapandaji ndio wenye heshima hapa. Wanasimama juu kabisa ya banda, mguu mmoja boriti hii, mguu wa pili boriti ile, wakipokea fito na kuzining'iniza ili majani yakauke. Ludek yuko chini kabisa, anawapa. Ni kazi ya wazee. Nyapara anajua sababu na anajifanya hajui. Mume wangu kutwa nzima ametazama juu, mpaka sasa hivi namsugua shingo.

Ijumaa, 16 Julai

Wiki hii ameanguka mara tatu, ya mwisho kwenye ngazi za jikoni. Leo tumekwenda kwa daktari wa hospitali kubwa ya mjini. Mimi ndiye niliyeendesha lori, maana Ludek haruhusiwi.

Daktari bado kijana, vidole vyake safi mno. Nilificha vyangu mapajani. Alichora kichwa kwenye karatasi, akatia alama mbili nyuma ya masikio, ndani kabisa.

"Vifafa vyako vinazaliwa hapa na hapa," akasema. "Tukiondoa sehemu hizi, navyo vimeondoka. Nimeshamfanyia mtu mmoja, wa kwenu huko, parokia ya ng'ambo ya mto. Alikuwa akianguka mara kumi kwa siku. Sasa mwezi hupita hajaanguka."

"Na hana kasoro yoyote?" nikauliza.

"Kumbukumbu imelegea kidogo. Huenda ikarudi."

"Daktari," Ludek akasema, "mimi hata leo nikitumwa mkate narudi na misumari."

Tukacheka wote watatu. Nataka nikumbuke kwamba tulicheka, ndiyo maana naandika.

Tumepewa tarehe: Jumanne, 14 Septemba, jani la mwisho likiwa limeshaning'inizwa. Karatasi za kutia saini tumekuja nazo, ziko nyuma ya picha ya Bikira Maria. Njiani Ludek hakunyamaza hata kidogo. Ataendesha lori hili yeye. Atapanda boriti ya tatu. Ataoga mlango ukiwa umefungwa kama mtu mzima! Halafu akasema polepole, "Na nitambeba mtoto, Bronia, bila mtu kusimama karibu yangu na mikono wazi." Ilibidi nisimamishe lori. Sikuona barabara kwa machozi.

Jumatatu, 19 Julai

Ameanguka alfajiri. Siku hamsini na saba zimebaki. Nimezihesabu mara mbili.

Jumapili, 25 Julai

Tumemwona huyo mtu wa daktari! Naandika haraka kwa sababu mkono wangu una furaha kuliko mimi.

Anaitwa Genek Mazurek, ana miaka ishirini na tisa, anaishi na mama yake. Mama mkwe alipata habari zao kanisani, akatutuma, na kabla hatujatoka akatupa onyo lake.

"Kwenye nyumba ya watu hamuulizi ugonjwa. Mnakula, mnasifia chakula. Wakitaka kusema, watasema wenyewe."

Tukafanya hivyo. Na Genek, jamani, ni mtu wa raha! Alinibusu mkono pamoja na weusi wake wote. "Pete mpya hii! Bibi harusi! Muishi miaka mia, mzae timu ya mpira!" Tulikaa mezani saa tatu nzima. Alituhadithia mvua ya mawe ya kabla ya vita, harusi moja ya siku tatu ambayo mpiga fidla alilala ndani ya tanuri, nani alimposa nani akakataliwa. Ludek alicheka mpaka akashika mbavu. Genek naye alikuwa mpandaji kabla ya kuugua, tena hodari.

"Njoo banda kubwa la Sikora wiki hii," akamwambia Ludek. "Nitakushika mkono mpaka boriti ya tatu."

Njiani nikauliza, "Banda la Sikora si liliungua?"

"Lile jipya atakuwa analiita kwa jina la zamani. Bronia, umemwona? Umemwona alivyo mzima?"

Nimemwona. Mama yake tu ndiye mkimya, kazi yake kuongeza kabichi kwenye sahani zetu. Mlangoni alinipa keki ya plamu tuichukue na sahani yake, akaishikilia sahani kidogo, kama mtu ambaye hajamaliza neno. "Uirudishe wewe mwenyewe, mwanangu," akasema. Mama masikini, nadhani hana wageni.

Jumatano, 28 Julai

Mvua. Majani yenye maji hayachumwi. Tumelala mchana kama matajiri.

Jumapili, 1 Agosti

Nilirudisha sahani ikiwa na maandazi ya kuchemsha yenye matunda ndani, kazi ya mikono yangu. Ludek alibaki, kichwa kilikuwa kinamwuma. Genek akafungua mlango.

"Karibu dada. Unamtafuta mama? Mimi ni Genek."

"Genek, usinitanie."

Akacheka kwa adabu, kama unavyomchekea mgeni aliyesema kitu usichokielewa. Kisha akaiona pete. "Pete mpya hii! Bibi harusi! Muishi miaka mia, mzae timu ya mpira!" Akanibusu mkono.

Wanaume wa huku wanapenda kuwatania mabibi harusi. Mama yake alikuwa amesimama jikoni akinitazama. Niliaga mapema.

Jumanne, 3 Agosti

Utani tu. Hata Felek mpandaji kila siku ananiuliza kama nimeshaposwa.

Alhamisi, 5 Agosti

Lakini Felek hucheka kwa macho. Genek hakucheka kwa macho.

Jumapili, 8 Agosti

Nilijifanya nimesahau kitambaa changu cha kichwa kwao. Nimesema uongo huo kwa mume wangu, wa kwanza tangu tuoane, na sasa ninao mwingine mkubwa zaidi.

Genek alifungua. "Karibu dada. Unamtafuta mama? Mimi ni Genek." Pete. Miaka mia. Timu ya mpira. Midomo yake mkononi mwangu.

Bi Mazurek alimtuma bustanini akachume nyanya. Mlango ulipofungwa akakaa chini, na mimi nikakaa.

"Mara ya tatu hii, mwanangu. Sasa umeona."

"Nilidhani ni utani, Mama."

"Siku ile mlipokuja nilingoja mniulize. Nilikuongezea kabichi mara nne nikingoja. Hamkuuliza."

"Mama mkwe alitukataza. Alisema ugonjwa hauulizwi kwenye nyumba ya watu."

"Na mimi nililelewa hivyo hivyo: usiseme ya nyumbani kwako mpaka uulizwe." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Tukapakuliana chakula tu."

Akanieleza. Daktari hasemi uongo, vifafa vimepungua kweli. Lakini tangu kisu kile hakuna kinachokaa. Genek anasoma gazeti lile lile asubuhi na jioni na yote kwake ni habari. Dada yake aliolewa Pasaka ya mwaka jana. "Kila siku namwambia, na kila siku anafurahi, mpaka mimi nimechoka na furaha." Ya zamani yapo yote, ndiyo maana mezani anang'ara, kwa maana sisi tukikaa mezani tunaongea ya zamani tu. Ila si ya zamani yote.

"Miaka miwili, mitatu ya mwisho kabla ya upasuaji nayo ilikwenda," akasema. "Banda la Sikora kwake halijaungua."

Genek akaingia na nyanya. Akanitazama, akamgeukia mama yake kwa lawama tamu. "Mama, hukuniambia tuna mgeni."

Niliendesha mpaka darajani nikasimamisha, nikahesabu kwa vidole. Ludek tulikutana kwenye dansi ya parokia Mei mwaka jana. Mei mpaka Agosti hii ni miezi kumi na mitano. Ndiyo yote niliyonayo kichwani mwake. Dansi, ile kofia, posa, harusi, ua la kiazi. Vyote vimo kwenye miezi kumi na mitano, na kisu kinachukua miaka miwili au mitatu. Atazinduka kitandani, ataona mwanamke amekaa pembeni ana pete na vidole vyeusi, atamwamkia kwa adabu.

Jumatatu, 9 Agosti

Sikusema.

Jumatano, 11 Agosti

Sikusema. Ameanguka mara mbili. Amejiuma ulimi na leo anakula supu tu. Siku thelathini na nne.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira, siku ya kubariki mimea. Mama mkwe alifunga kifungu chake cha ngano, mnanaa na alizeti, akachomeka katikati jani moja la tumbaku letu. Padri alipokuwa anainyunyizia maji, Mama akaninong'oneza sikioni, "Mwaka kesho kifungu hiki atakishika Ludek mkono huu, na mtoto mkono ule."

Ludek alisikia. Akanibana vidole.

"Amina," nikasema. Nimesema amina kanisani nisiyoiamini, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Kila nikifungua mdomo namwona akiwa kwenye zile ngazi za jikoni. Nikinyamaza, kisu kitamchukua. Nikisema, atabaki na kifafa, na kifafa nacho kinaua. Mwaka wa mwisho wa shule nilisoma somo la mwili nikapata alama za juu kuliko wote. Halijanisaidia kitu.

Alhamisi, 19 Agosti

Yuko hai. Naandika hilo kwanza ili nikirudi kusoma nisiogope.

Felek aliteguka kifundo cha mkono asubuhi. Mpandaji mmoja amepungua, na majani yamejaa, na yakikaa kwenye vikapu yanaungua kwa joto lake. Nyapara alikuwa shamba la pili. Nilikuwa nimeinamia sindano. Celina akanigusa na kiwiko.

"Wifi. Usipige kelele. Tazama juu."

Niliona soli za viatu vyake kwanza. Nazijua, ni za Ludek, baba yangu ndiye aliyezishona. Alikuwa boriti ya tatu, miguu imetanuka, uso unang'aa, anapokea fito kama aliyezaliwa huko. Alikuwa mzuri mno! Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilimwonea fahari kuliko nilivyomwogopea.

Kisha nikaisikia ile sauti. Kabla hajaanguka huwa anatoa sauti, kama mtu aliyeitwa ghafla. Ufito ukateleza, ukaja chini na majani yake yote. Mimi na Celina tukajikuta tumesimama chini yake na mikono wazi, wanawake wawili, kana kwamba tungeweza kumdaka. Felek, na mkono wake mmoja uliofungwa, alikuwa amepanda hadi boriti ya pili kumwangalia. Ndiye aliyemkamata mkanda. Ludek aliruka na kutetemeka huko juu, nusu yake hewani, na Felek amemng'ang'ania akiwa ameuma meno, akituapiza sisi wote kwa Kipolandi na Kiingereza mpaka wenzake wakafika.

Walimlaza juu ya vitambaa. Nilingoja arudi. Dakika nne, tano. Akafungua macho, akanitazama kwa muda mrefu, na muda huo ndio uliokuwa mbaya kuliko boriti.

"Unanijua?" nikamwuliza mbele ya watu wote. Sauti yangu ilikuwa ya mwehu.

Midomo yake ilikuwa na damu. "Bronia," akasema. "Una jani nyweleni."

Watu wakacheka kwa kupumua. Mimi nikalitoa lile jani nyweleni.

Ijumaa, 20 Agosti

Nyapara amemleta Ludek kwenye benchi la wanawake. "Karibu, bwana harusi, sindano hii hapa," Celina akasema, akitaka kumchekesha. Hakucheka. Alitunga kutwa nzima bila kuinua macho hata mara moja kutazama juu.

Chakula cha jioni akasema, "Kesho nampigia daktari simu. Sitangoja Septemba. Anipasue wiki ijayo."

Nikaweka kijiko chini na nikasema yote. Sahani, kitambaa cha kichwa, nyanya, banda la Sikora, miezi kumi na mitano. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umejua tangu lini?"

"Siku kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili umelala ubavuni mwangu na hilo?"

"Ndiyo."

"Bronia. Unaniogopea mimi, au unajiogopea wewe?"

Akainuka, akaenda kukaa nje kwenye ngazi, na nikasimama nyuma ya mlango wa wavu nikimchunga kwa sababu hata akinikasirikia siwezi kumwacha karibu na ngazi.

Jumatatu, 23 Agosti

"Nipe chumvi." Basi, ndiyo maongezi ya leo.

Jumatano, 25 Agosti

Sasa anatunga haraka kuliko mimi. Ameanguka mara moja, kwenye benchi, kichwa chake kikaja begani kwangu, na nikakishika. Alipozinduka alikiacha hapo kidogo kabla hajakiondoa.

Jumapili, 29 Agosti

Baada ya misa akasema, "Nipeleke kwa Genek."

Nilidhani atabisha nami njia nzima, lakini alikaa akiikunjakunja kofia magotini. Genek akafungua. Karibu dada, karibu kaka, mimi ni Genek. Akambusu mkono bibi harusi. Ludek alikaa naye, wakazungumza tumbaku, wakazungumza ile mvua ya mawe, na nilimwona mume wangu akimsikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha jirani. Mara akasimama. "Natoka kuvuta sigara."

Kupitia dirishani nilimwona akiivuta yote, mpaka ikamchoma vidole. Kisha akabisha hodi.

Genek akaenda kufungua. "Karibu kaka. Unamtafuta mama? Mimi ni Genek."

Ludek alisimama pale kizingitini. "Ludwik Wojtas," akasema, akampa mkono.

"Wojtas wa shamba la juu? Baba yako namjua sana! Ingia. Umeoa, wewe?"

"Nimeoa."

"Mkeo umemwacha wapi?"

"Yule pale." Alisema akinitazama mimi, si Genek.

"Loo, hongereni! Mama, tuna wageni, tena maharusi!"

Bi Mazurek alikuwa jikoni, mgongo umetugeukia. Ludek akakaa. Akamwuliza kitu ambacho mimi katika ziara zangu zote sikuthubutu. "Genek, ndani yako unajisikiaje?"

Genek akafikiri. Ni mtu makini akiulizwa jambo la maana. "Vizuri," akasema. "Ila ni kama nimeingia chumbani sasa hivi kuchukua kitu, na kila mtu anajua ni kitu gani isipokuwa mimi. Na wananitazama vizuri tu. Hakuna anayenigombeza." Akatabasamu. "Wewe umeoa?"

Tulipofika darajani Ludek akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha.

"Niulize kitu cha harusi. Chochote."

"Mvua ilianza saa ngapi?"

"Saa tisa. Celina akateleza, akakalia keki." Akacheka, kisha akawa halii wala hacheki, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. "Niulize kingine." Nikamwuliza. Rangi ya gauni la mama yangu. Wimbo wa mwisho. Nilisema nini nilipovua viatu. Alijua vyote. Magari yalitupita yakipiga honi.

"Lile swali lako," nikamwambia. "Najiogopea mimi. Na nakuogopea wewe. Nimejaribu kuyatenganisha, yameshindikana."

"Hata mimi najiogopea," akasema. "Yule hana shida hata moja, Bronia. Hicho ndicho kilichonitisha."

Jumanne, 31 Agosti

Upepo wa ajabu tangu asubuhi. Vitambaa vya shamba la chini vimepasuka vyote, vinapeperuka juu ya miti. Ludek amenishika mkono kutwa nzima. Kutwa nzima!

Alhamisi, 2 Septemba

Tumemwambia Mama kwamba Ludek hatapasuliwa. Alizitoa karatasi nyuma ya picha, akazipiga juu ya meza.

"Nitamzika mwanangu kwa ajili ya mke wa siku themanini na mbili!"

Naye amezihesabu. Sikujua.

"Mama, usimseme yeye. Nimeamua mimi," Ludek akasema.

"Wewe unataka kufa."

"Sitaki. Nitaanguka, Mama, nimezoea kuanguka. Lakini nikifungua macho nataka niwe najua nimeangukia nyumba ya nani."

Mama akanitazama. Nilitegemea matusi. "Na wewe," akasema, "siku akifa je, utasemaje?"

"Sijui, Mama."

Ni jibu langu la kweli na sina lingine. Alitoka akapiga mlango. Baada ya saa nzima akarudi na mzigo wa vile vitambaa vilivyopasuliwa na upepo, akaanza kuvikata na kuvifunga kwenye pembe za meza, pembe za jiko, kingo za ngazi. Nikachukua mkasi wa pili.

Ijumaa, 10 Septemba

Daktari alitupokea. Hakukasirika. Alitubadilishia dawa, akasema tusitarajie makubwa. Tulipokuwa tunaondoka nikamwuliza kama humtembelea Genek.

"Kila mwezi."

"Anakujua?"

Alipanga kalamu zake, ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Hapana," akasema. Nilimhurumia, na sikutegemea kumhurumia.

Jumanne, 14 Septemba

Ndiyo hii tarehe yenyewe. Jani la mwisho lilipandishwa Jumamosi, banda limejaa mpaka chini, na leo tungekuwa kwenye kitanda cheupe mjini. Badala yake Ludek ameanguka asubuhi, na akaanguka tena kabla ya chakula cha mchana, mara zote mbili kwenye sakafu tuliyoifunika vitambaa. Dawa mpya inamlegeza miguu. Sijui kama tumechagua vizuri. Nimelala na kiganja kifuani mwake siku zote hizi, na nitaendelea. Nampenda mpaka najisikia mgonjwa, na sasa najua kwamba kumpenda hakumzuii kuanguka.

Barua ya Bi Mazurek imekuja leo. Hajawahi kuandika. Binti yake amejifungua, ubatizo ni mwisho wa mwezi, mwendo wa siku nzima kwa basi, na hana wa kukaa na Genek. Anasema anaona haya kuuliza. Ameuliza lakini.

Celina alisoma juu ya bega langu. "Mmoja anaanguka, mwingine anasahau. Wifi, utawalea wawili?"

"Tena tutapatana sana," Ludek akasema kutoka kitini, miguu ameinyoosha. "Nikianguka mbele yake, ndiye atakuwa mtu pekee parokia nzima ambaye hatalisimulia." Ni utani wake wa kwanza tangu boriti ya tatu. Kisha akanisogezea wino. "Mwandikie, Bronia. Mwambie aende."

Nimemwandikia. Nimemwambia aende ubatizoni na roho nyeupe, alale huko hata siku mbili. Tutakuja kabla mwezi haujaisha, mimi na mume wangu, na asijisumbue kumwandaa Genek kwa lolote. Mlangoni tutajitambulisha wenyewe.